Risasi Isiyolia: Kijana, Kiwanda na Sumu katika Fasihi ya Kiswahili

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili. Ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivujivu, yanayotiwa ndani ya betri za magari. Ni pia kile kinachofyatuliwa kutoka katika mtutu wa bunduki. Kiarabu, kilichokikopesha Kiswahili neno hili, kinazibeba maana zote mbili vilevile, na msomaji wa Maskati au Dubai hahitaji kufafanuliwa. Fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, imeizoea zaidi maana ya pili. Katika tamthilia na riwaya za upinzani, risasi hulia, umati hutawanyika, mtu huanguka, na kifo chake huwa chanzo cha mwamko. Maana ya kwanza haina mlio. Madini ya risasi huingia mwilini kwa vumbi, kwa maji na kwa maziwa ya mama, hukaa katika damu na mifupa, na hayamwangushi mtu hadharani. Swali linalostahili kuulizwa ni iwapo fasihi iliyojifunza kusikia mlio wa risasi imejifunza pia kuiona ile isiyolia.

Swali hili lina anwani. Owino Uhuru ni makazi ya watu wa kipato cha chini pembezoni mwa mji wa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa hapo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kwa madhumuni ya kupata madini ya risasi ya kuuza ng'ambo. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa katika ofisi za kiwanda hicho. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaugua. Matibabu ya maradhi ya kawaida yalipokosa kufaa, vipimo vilionyesha kwamba mtoto alikuwa na risasi katika damu. Omido aliacha kazi, akaanza kuwapeleka watoto wa majirani wapimwe, akaandika barua kwa wenye mamlaka, akaongoza maandamano, akakamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Kesi ya wakazi wapatao 3,000 ilifikishwa mahakamani mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikagawanya lawama kati ya kampuni na idara za serikali zilizotoa leseni na kufumba macho. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Mfuatano huu wa miaka unatosha kuonyesha ugumu unaomkabili mtunzi. Hapa hapana usiku mmoja wa mapambano, wala mchana mmoja wa ushindi. Kuna miaka 15 ya barua, vipimo, vikao na rufaa. Kuna mtoto aliyelala kitandani na karatasi ya maabara iliyoandikwa kwa maikrogramu na desilita. Kuna moshi uliozoeleka mpaka ukawa sehemu ya hali ya hewa. Mhakiki Rob Nixon, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2011 kuhusu mazingira na harakati za maskini, aliuita uovu wa namna hii ukatili wa polepole: madhara yanayotokea taratibu, bila tukio la kutazamwa, na ambayo kwa sababu hiyo hayahesabiwi kuwa ukatili. Nixon aliwasoma humo Wangari Maathai na Ken Saro-Wiwa. Hoja yake ilikuwa ya kifasihi kama ilivyokuwa ya kisiasa: nani atasimulia jambo lisilo na kilele, na kwa umbo gani?

Fasihi ya Kiswahili haikulifikia swali hili mikono mitupu. Ina jadi ndefu ya kuwasawiri wanaosimama mbele ya wenye nguvu, na katika jadi hiyo mwanamke kijana ana nafasi ya pekee. Katika Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui iliyotoka mwaka 1981, Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon. Lanina anapigana pande mbili: dhidi ya mwajiri, na dhidi ya wanaume wa tabaka lake wasioamini kwamba mwanamke anaweza kuwa kiongozi. Mwaka 1982 mwandishi wa tamthilia hiyo aliwekwa kizuizini, na mashairi aliyoyatunga huko yakaja kukusanywa katika Chembe cha Moyo. Tukio hilo linafaa kukumbukwa kila mara mhakiki anapotaka kumlaumu mtunzi wa Kiswahili kwa kupenda sitiari. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijitabu kilichosema mambo waziwazi. Sitiari ilikuwa ngao kabla ya kuwa pambo.

Kigogo ya Pauline Kea ndiyo tamthilia iliyoirithisha jadi hiyo kwa kizazi kipya, kwani ilisomwa na kutahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari nchini Kenya. Sagamoyo inatawaliwa na Majoka. Soko la Chapakazi, tegemeo la riziki ya wengi, linafungwa. Sudi, mchonga vinyago, anakataa kumchonga shujaa asiye shujaa kwa ajili ya sherehe za uhuru. Tunu, kijana msomi, anawaongoza wananchi, anapigwa na wahuni hadi anaumizwa vibaya, na bado harudi nyuma. Tunu na Sudi wanatoka katika kizazi cha vijana waliopita chuoni na kutoka humo na imani kwamba elimu ni deni ambalo jamii inawadai. Wasomaji wengi wa umri wa sekondari wamemwona Tunu kuwa kielelezo cha vile wangependa kuwa, na si kosa. Wahusika wa kike wa namna hii si wengi katika vitabu vya kutahiniwa.

Hata hivyo, ukiisoma Kigogo ukiwa na Owino Uhuru akilini, mambo matatu yanajitokeza, na yote yanahusu sumu.

La kwanza ni kwamba uchafu wa Sagamoyo unanuka. Tamthilia inajali sana usafi na uvundo: soko chafu, kodi zinazotozwa bila huduma kurudi, hewa inayowakera watu. Uvundo huo ni wa kweli, lakini ni pia ishara. Unasema kwamba utawala umeoza. Ishara hii ni kongwe katika Kiswahili, lugha inayosema kwamba samaki huoza kuanzia kichwani, na inamfikia msomaji mara moja. Tatizo lake ni kwamba inamfundisha msomaji kuitafuta sumu kwa pua. Risasi hainuki. Maji yenye risasi huweza kuwa maangavu, na mtoto mwenye risasi katika damu huweza kucheza uani kama wenzake. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madhara yake makubwa kwa mtoto yako katika ubongo: kujifunza kwa taabu, kusahau, kukosa utulivu. Mambo haya hayana harufu. Mara nyingi mtoto wa namna hiyo huitwa mzito wa kichwa, na lawama humwangukia yeye na mamake.

La pili ni kwamba sumu ya Sagamoyo humrudia mwenyewe. Jina la Majoka ni la nyoka wakubwa, na sumu ya nyoka ndiyo inayotumiwa kama kilevi kinachowaharibu vijana wanaosoma katika shule yake. Mwishowe Ngao Junior, mwanawe Majoka, anakufa kwa sumu hiyohiyo. Hapa mtunzi anafuata kanuni ya ngano na methali: mchimba kisima huingia mwenyewe. Kama hukumu ya kimaadili, kanuni hii ina uzito. Kama maelezo ya namna viwanda vinavyofanya kazi, inapotosha. Katika Owino Uhuru sumu haikumrudia mwenye mali. Ilibaki na mfanyakazi aliyeibeba nyumbani katika nguo zake, na jirani aliyeteka maji karibu na ukuta. Bidhaa ilisafirishwa ng'ambo na masalio yakabaki. Umbali kati ya anayepata faida na anayepata madhara ndio siri ya kiwanda kichafu. Ngano inayoufuta umbali huo inamliwaza msomaji pale ambapo ingefaa kumwamsha.

La tatu ni kilele chenyewe. Umati unakusanyika kwenye lango la soko. Majoka anataka raia wapigwe risasi, na Kingi, mkuu wa polisi, anakataa kutii. Ni tukio linalogusa, na wasomaji waliotazama vijana wa Kenya wakijaa barabarani mwezi Juni 2024 bila shaka wamelirudia moyoni wakitamani Kingi wengi zaidi. Nguvu yake inatokana na kwamba risasi ya bunduki huhitaji mtu wa kuifyatua, na mtu huyo anaweza kukataa. Risasi ya Owino Uhuru haikuhitaji amri. Ilifyatuliwa na mhuri juu ya leseni, na ukaguzi ambao haukufuatiliwa. Haikuwapo dakika moja ambapo afisa mmoja angeshusha silaha na kuyaokoa makazi yote. Walikuwapo maafisa wengi, kila mmoja na faili lake, na kila mmoja akiwa na sababu ya kuamini kwamba jambo lilikuwa la idara nyingine. Mahakama ilipoigawanya lawama kati yao, ilifanya kazi ambayo tamthilia ya kigogo mmoja haiwezi kuifanya.

Hoja hizi hazikusudiwi kuishusha Kigogo. Tamthilia hiyo inahusu utawala wa mabavu, nayo imeufumbua vizuri. Zinakusudiwa kuonyesha mpaka wa umbo. Msuko unaomtegemea mkandamizaji mwenye jina, kijana mwenye ujasiri na siku moja ya maamuzi unafaa kwa soko lililofungwa. Kwa damu iliyotiwa risasi hautoshi.

Mfano wa kale wa tamthilia ya kiwanda na maji machafu unathibitisha kwamba mpaka huu si wa Kiswahili peke yake. Mwaka 1882 Henrik Ibsen wa Norwei alichapisha tamthilia kuhusu daktari anayegundua kwamba maji ya hamamu zinazouletea mji wake wageni na fedha yametiwa sumu na viwanda vya ngozi vilivyoko juu ya mto. Ibsen aliliona jambo ambalo waliomfuata wengi hawakuliona: uchafu wake hauonekani kwa macho. Dakta Stockmann alipeleka sampuli kwa wataalamu wa chuo kikuu, na mgogoro wote unaanza barua ya maabara inapowasili. Aliuona pia ule mshikamano wa kimyakimya wa maslahi. Meya ni ndugu wa daktari. Kiwanda kimojawapo ni cha Morten Kiil, mlezi wa mkewe. Wahariri waliomshangilia asubuhi wanamgeuka wanapoambiwa kwamba walipa kodi ndio watakaogharamia matengenezo. Lakini Ibsen naye alihitaji kilele, na alipokifikia alimfanya shujaa wake awadharau watu wengi kwa kuwa ni wengi. Daktari anabaki peke yake na kuuona upweke wake kuwa nguvu.

Hapo ndipo jadi ya Kiswahili inapomzidi Ibsen. Lanina na Tunu hawafikirii hata mara moja kwamba upweke ni ushindi. Umati kwao si kundi la wajinga linalosubiri kuokolewa. Ni watu wenye majina na madeni, wanaoogopa na wakati mwingine hujirekebisha. Na Owino Uhuru inawapa haki waandishi wa Kiswahili dhidi ya Mnorwei huyo. Sampuli ya kwanza ilikuwa ya mtoto mmoja, lakini kesi iliyoshinda ilikuwa ya kijiji kizima.

Swali la mwanafunzi linabaki. Katika historia ya harakati za mazingira Afrika Mashariki, wanafunzi wamekuwa na sehemu yenye mwanga na kivuli. Mnamo Januari 1999 Wangari Maathai alishambuliwa na kujeruhiwa kichwani alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao ardhi yake ilikuwa imegawiwa wajenzi binafsi. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa, na habari zikaenea duniani. Mnamo Agosti mwaka huohuo Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Msitu ungalipo. Bila wanafunzi wale huenda mambo yangekwenda polepole zaidi. Lakini kabla yao na baada yao walikuwapo wanawake wa Harakati ya Mkanda wa Kijani, ambao hawakuwa na likizo wala siku ya kufuzu. Mwanafunzi huleta kasi na sauti. Mkazi huleta muda. Fasihi, kwa kuwa inapenda kasi, imemkumbuka zaidi wa kwanza.

Kuna kazi nyingine ambayo mwanafunzi huifanya katika mgogoro wa kiwanda, na ambayo haijapata mshairi wake. Ni kazi ya ukalimani. Taarifa za athari za mazingira huandikwa kwa Kiingereza. Matokeo ya vipimo huandikwa kwa lugha ya maabara. Hukumu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Wanaoathirika huzungumza Kiswahili, Kidigo, Kijaluo, Kigiriama. Mtu anayeweza kukaa juu ya mkeka na mama mwenye karatasi ya hospitali, akamweleza tarakimu ile inamaanisha nini bila kumtisha na bila kumdanganya, anafanya jambo zito kuliko hotuba. Hotuba humwambia mama kwamba anaonewa, jambo ambalo alilijua. Ufafanuzi humpa uwezo wa kubishana na daktari, afisa na wakili. Mhusika wa namna hiyo angekuwa mpya katika tamthilia ya Kiswahili: msomi anayesoma pamoja na watu, badala ya kuwasemea.

Riwaya moja imekaribia kuifanya kazi hiyo kwa njia yake. Makuadi wa Soko Huria ya Chachage Seithy Loth Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 2002 na kuugusa mradi wa ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji, ambao wakazi waliupinga katika miaka ya 1990. Wapo wahakiki wanaoilaumu kwa uzito wake: historia nyingi, uchambuzi mwingi, hadithi inayosimamishwa ili hoja ipite. Lawama hiyo ina msingi wa kisanaa. Lakini inaweza kugeuzwa. Mradi unaoangamiza mikoko haufanyiki jukwaani. Hufanyika katika nyaraka, na riwaya inayokataa kuingiza nyaraka huishia kusimulia machozi bila chanzo chake. Chachage aliamua kwamba msomaji wa Kiswahili anastahili kuelezwa utaratibu mzima, hata kama ataguna. Uamuzi huo ni wa heshima kwa msomaji, na athari yake haijafuatiliwa vya kutosha na watunzi waliomfuata.

Umbo linalotafutwa huenda likawa karibu kuliko inavyodhaniwa. Tamthilia na riwaya ni tanzu za karne ya 20 katika Kiswahili. Utenzi ni mkongwe zaidi, na sifa yake kubwa ni subira. Beti zake hupiga hatua ndogondogo, huorodhesha, hurudia, na haziogopi urefu. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake karibu na mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, akimwachia binti yake maneno ya kuishi nayo. Waliomsoma kwa jicho la jinsia wamejadiliana sana kuhusu utiifu anaoufundisha. Jambo moja halina ubishi: ni kwamba alilifanya kuwa fasihi kuu jambo ambalo wengine wangeliona la chumbani, yaani mama mwenye maradhi anayemkalisha mtoto karibu na kumweleza hatari za ulimwengu. Mama wa Owino Uhuru aliyegundua kwamba maziwa yake mwenyewe yalikuwa njia ya sumu amekalia kiti hichohicho. Utanzu wa kumpokea upo.

Ipo pia Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayoutembeza moyo ndani ya nyumba za Pate zilizokwisha kuwa magofu. Utenzi huo huanzia pale ambapo fahari imekwisha kuondoka, na kuuliza waliokuwapo wamekwenda wapi. Fasihi ya upinzani ya sasa hufunga pazia siku lango linapofunguliwa au kiwanda kinapofungwa. Katika Owino Uhuru kufungwa kwa kiwanda hakukuiondoa risasi katika udongo. Ndiyo maana hukumu ya mwaka 2020 ilitaka eneo lisafishwe, kando na fidia. Mtunzi atakayeanzia pale ambapo wengine wameshusha pazia, akaingia katika uwanja mtupu wa kiwanda kama mtunzi wa Pate alivyoingia katika kumbi zilizohamwa, hatakuwa ameiga mtindo wa kigeni wa fasihi ya mazingira. Atakuwa amerudi nyumbani.

Hapa wasomaji walioko ughaibuni wana sehemu yao, na si ya kutoa pongezi kutoka mbali. Kumbukumbu za Omido zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 2019. Hadithi ya mama wa Mombasa, iliyotendeka kwa sehemu kubwa katika Kiswahili, imewafikia wasomaji wa Berlin kwa lugha yao wenyewe. Hakuna ubaya katika hilo; kila msomaji mpya ni shahidi mpya. Lakini linaonyesha ni wapi penye pengo. Wasomi wa Kiswahili walioko London, Bayreuth au Madison wana maktaba, muda na lugha mbili au tatu mkononi. Kuzifasiri hukumu za mahakama na taarifa za vipimo kwa Kiswahili kinachosomeka ni kazi ya kifasihi kwa maana kamili, kwani inahitaji sikio, msamiati na uaminifu. Wale waliowahi kujaribu kutafuta neno moja la Kiswahili lenye uzito wa mfiduo wa sumu, yaani hali ya kuwa karibu nayo siku baada ya siku mpaka ikaingia mwilini, wanajua kwamba si kazi ya kamusi tu.

Lipo jambo la mwisho ambalo fasihi haiwezi kulikwepa. Baadhi ya watoto waliozaliwa Owino Uhuru wakati kiwanda kikiwa kinafanya kazi, hukumu ya Mahakama ya Juu ilipotoka walikuwa wamefika umri wa shule ya sekondari. Ni umri uleule ambao vijana wa Kenya walikuwa wakipewa tamthilia na kuulizwa wajadili sifa za Tunu. Kwa hiyo mwanafunzi katika kisa hiki si mgeni shupavu anayetoka chuoni kuja kuwakomboa maskini. Ni mtoto wa hapohapo, anayekaa darasani akiwa na risasi katika mifupa yake, na risasi hiyo kazi yake ni kuharibu uwezo wa kusoma. Kiwanda kilimgusa kabla hajajua kushika kalamu, na kiligusa kile hasa ambacho Tunu anakitegemea: akili iliyonolewa, kumbukumbu, uwezo wa kujenga hoja na kusimama nayo.

Fasihi inayomsifu kijana msomi kama tumaini la jamii inapaswa kumjibu kijana huyu. Hawezi kuambiwa kwamba ujasiri unatosha. Hawezi pia kuandikwa kama mwathiriwa wa kuhurumiwa, kwa sababu jina lake limo katika kesi ambayo wazazi wake waliishinda. Anahitaji maandishi yatakayomweleza kwa lugha yake ni nini kilichomwingia, kilipitia wapi, nani alitia sahihi, na watu wa mtaa wake walifanya nini kwa miaka 15 hadi walipopata hukumu. Watunzi wa Kiswahili wakimwandikia hayo, neno risasi litakuwa limepata kusomwa kwa maana zake zote mbili.